Mstari Upi Ubaki?

Leo nataka tuzungumze kuhusu kazi ndogo ambayo ofisi huifanya kila mwezi, shule huifanya kila muhula, na wengi wanaoifanya huiharibu bila kujua: kuondoa mistari iliyojirudia kwenye jedwali la kompyuta, na kubakiza ule wenye thamani kubwa kuliko yote.

Chukua shule ya sekondari. Kidato cha tatu wamefanya jaribio la hisabati, nusu ya darasa wameanguka, na mkuu wa shule ameamuru warudie. Wamerudia. Wengine, kwa kuwa hakukosi mzazi msumbufu na mwalimu mwenye huruma, wamerudia hata mara ya tatu. Mwalimu wa taaluma anaingiza alama kwenye kompyuta kadiri karatasi zinavyomfikia, na mwisho wa muhula jedwali lake lina mistari mingi kuliko wanafunzi. Mtoto mmoja ana 38, chini yake huko ana 61, chini zaidi ana 55. Kikao cha walimu kimekubaliana kwamba kila mtoto apewe alama yake ya juu. Basi huyu abaki na mstari wa 61, na ile miwili iondoke.

Kwa watoto kumi, kazi hii unaimaliza kwa macho. Kwa watoto mia nne hutaweza, na hata ukiweza, utaikosea. Mashine inayo amri ya kazi hii. Kwenye Excel imo tangu toleo la mwaka 2007, chini ya kichupo cha Data, na imeandikwa Remove Duplicates. Unachagua jedwali lako, unabofya, unaweka alama ya vema kwenye safu ya namba ya mwanafunzi, unakubali. Kufumba na kufumbua, marudio hayapo. Kioo kinakuletea na ujumbe: mistari kadhaa imeondolewa, kadhaa imebaki. Mwalimu anahifadhi faili, anachapa, anabandika kwenye ubao wa matangazo.

Na mtoto wa 61 anajikuta amebandikwa na 38.

Sababu ni nyepesi, ila haikuandikwa popote kwenye kile kitufe. Amri ile haijui kubwa wala dogo. Inashuka kutoka juu kwenda chini. Ikikutana na namba ya mwanafunzi kwa mara ya kwanza inauacha mstari huo, na kila mstari mwingine wa chini wenye namba ile ile inaufuta. Aliyetangulia ndiye anayebaki. Sasa kilichotangulia kuingizwa ni jaribio la kwanza, na jaribio la kwanza ndilo walilofeli. Mashine imefanya kinyume kabisa cha uamuzi wa kikao, tena kimya kimya, na hata huwezi kuilaumu, kwa sababu hakuna aliyeiambia habari za kikao.

Dawa yake ni kupanga kabla ya kufuta. Unalipanga jedwali zima kwa safu ya alama, kutoka kubwa kwenda ndogo. Sasa 61 ya mtoto wetu iko juu ya 55 yake, na 55 iko juu ya 38. Ndipo unapoita ile amri ya kufuta, ukiweka vema kwenye namba ya mwanafunzi peke yake. Itakutana na 61 kwanza, itaiacha, na mbili zilizobaki itazifuta. Ukisahau na kuacha vema kwenye safu zote, mashine itakujibu kwamba hakuna marudio, maana kwake mstari wenye 61 na mstari wenye 55 haifanani hata kidogo. Na unapopanga, lichague jedwali lote. Kuna watu huchagua safu ya alama peke yake; Excel inawauliza kama ipanue uteuzi ili safu za jirani zifuate, nao kwa haraka wanakataa. Matokeo yake alama zinapanda na kushuka huku majina yametulia palepale. Kila mtoto anapata alama ya mwenzake. Hilo likishatokea na faili likahifadhiwa, hakuna fomula ya kulirudisha; mnakwenda kutafuta karatasi kabatini.

Mafunzo mengi ya kompyuta huishia hapo: panga, futa, basi. Mimi ningependa twende mbele kidogo, kwa sababu hata aliyepanga vizuri anaweza kuangushwa na neno moja. Mwanafunzi aliyekosa jaribio la kwanza, mwalimu huandika nini kwenye seli yake? Wengine huacha wazi. Wengi huandika Hayupo. Sasa Excel inapopanga kutoka kubwa kwenda ndogo, maneno inayaweka juu ya namba. Ndiyo kanuni yake: kwa mpangilio wa kupanda, namba hutangulia maneno, kwa mpangilio wa kushuka, maneno hutangulia namba, na seli tupu hukaa mwisho siku zote. Kwa hiyo Hayupo inapanda juu ya 71, juu ya 90, juu ya 100 yenyewe. Unaita amri ya kufuta, nayo inakutana kwanza na Hayupo, inaibakiza, na ile 71 aliyoihangaikia mtoto kwenye marudio inafutwa. Kwa macho ya mashine, kutokuwepo kumeshinda kila alama. Dawa ni kuacha seli wazi, na kama lazima sababu iandikwe, iandikwe kwenye safu nyingine ya maelezo. Safu ya alama ikae na alama tu.

Haya, tumepata namna ya kupata alama kubwa. Lakini tumeruka swali lililotangulia, na hili ndilo hasa lililonileta mbele ya maikrofoni leo: mashine inajuaje kwamba mistari hii miwili ni ya mtu yule yule?

Inajua kwa herufi. Haina kingine. Ukiipa safu ya majina, basi Asha Juma na Asha Juma ni mtu mmoja, hata kama darasani kuna Asha Juma wawili, mmoja wa bweni na mmoja wa kutwa, na kila mwalimu anawajua. Ataondolewa mmoja wao, na kwa kuwa tumepanga kwa alama, ataondolewa yule aliyepata kidogo. Hataonekana kwenye orodha kabisa. Upande wa pili, Mohamed na Mohammed, kwa mashine ni watu wawili, hata kama ni kijana mmoja aliyeandikwa na walimu wawili. Juma Mwanaidi na Mwanaidi Juma ni watu wawili. Na ubaya zaidi, jina lenye nafasi tupu mwishoni, ile ya mtu aliyegusa kibao cha nafasi kabla ya kwenda seli nyingine, si sawa na jina lile lile lisilo na nafasi. Jicho la binadamu haliwezi kuiona nafasi hiyo. Herufi kubwa na ndogo haziisumbui Excel katika kazi hii, hilo tushukuru. Lakini nafasi tupu inaisumbua, na ndiyo maana watu wazoefu husafisha safu kwa fomula ya TRIM kwanza. Tarehe nazo zina vituko vyake. Amri ya kufuta hutazama kile kinachoonekana kwenye seli, kwa hiyo siku moja iliyoandikwa kwa mitindo miwili huhesabiwa kuwa siku mbili.

Kwa hiyo mtu mwenye busara haliachii jina kazi hiyo. Anatumia namba: ya usajili wa shule, ya simu, ya kitambulisho. Vizuri. Ila namba nazo zina mitego yake, na mmoja unawahusu sana wasikilizaji wa Tanzania.

Namba ya kitambulisho cha Taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba. Excel, kwa upande wake, ikishaichukulia seli kuwa ni namba, hutunza tarakimu 15 tu. Zinazobaki inazigeuza sifuri. Weka pamoja mambo hayo mawili. Ukiziandika namba za NIDA zikiwa zimeshikana, bila vistari, kwenye seli za kawaida, kila moja inapoteza tarakimu tano za mwisho. Watu wawili waliozaliwa siku moja mwanzo wa namba zao unafanana, na tofauti yao inaweza kuwa iko huko mwishoni, kulikogeuzwa sifuri. Sasa fikiria orodha ya waombaji wa mkopo wa halmashauri. Watu wawili halali, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi, wanaonekana mmoja. Kama orodha imepangwa kwa kiasi, kikubwa juu, anayeomba kidogo anafutwa. Atakapokwenda dirishani kuuliza ataambiwa jina lake halipo, na karani atakuwa anasema kweli.

Utaniambia: basi tugeuze safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba. Sawa, hapo tarakimu zote 20 zinabaki. Lakini wako wanaopenda kuhesabu marudio kwa fomula ya COUNTIF kabla ya kufuta, na COUNTIF ina tabia ya ajabu: ikiona maandishi yanayofanana na namba, inayapima kama namba, na inarudi kwenye tarakimu zake 15 zile zile. Itakwambia mtu amejirudia wakati hajajirudia. Suluhisho liko kwenye kadi yenyewe: iandike namba pamoja na vistari vyake kama ilivyochapishwa. Ikiwa na vistari, mashine haina namna ya kuidhania ni namba ya kuhesabia. Namba ya simu ina ugonjwa wa jamaa hiyo hiyo. Ile sifuri ya mwanzo hudondoka yenyewe, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwepo mara tatu: na sifuri, bila sifuri, na kwa 255 ya nchi, au 254 kwa msikilizaji aliye Kenya. Amua mtindo mmoja, geuza zote, ndipo utafute marudio.

Sasa niingie kwenye ubishi. Tumesema tubakize iliyo kubwa. Nani kasema kubwa ndiyo bora?

Kuna mahali ambapo jibu halina shaka. Tazama mashindano ya kurusha mkuki. Kila mrushaji aliyefika hatua ya mwisho ya fainali ana mirusho sita, kwa maneno mengine ana mistari sita kwenye karatasi ya waamuzi, na unaohesabiwa ni mrusho wake mrefu kuliko yote. Julius Yego wa Kenya, Beijing mwaka 2015, alitupa mita 92.72 kwenye mrusho wa tatu, na huo mmoja ukampa ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata kule Rio alianza na mita 88.24, akaumia kifundo cha mguu, asiweze kuendelea. Mstari wake wa kwanza ndio uliomletea medali ya fedha, nyuma ya Thomas Röhler wa Ujerumani na mita zake 90.30. Kanuni hii inamfaa mrushaji, kwa sababu mchezo wenyewe unapima upeo wa uwezo. Tena waamuzi hawaitupi ile mirusho mingine. Wawili wakifungana kwenye mrusho bora, hutazamwa mrusho bora wa pili wa kila mmoja. Mwalimu wetu wa taaluma, aliyefuta kila kisicho kikubwa, akiulizwa nani wa kwanza kati ya wawili wenye 88, hana pa kutazama.

Lakini toka uwanjani kwenye mkuki, nenda barabarani kwenye marathoni. Eliud Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2018 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Akakimbia tena Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Bakiza kubwa, na umefuta ile iliyokuwa rekodi ya dunia. Hapa unapanga kutoka ndogo kwenda kubwa. Ni jambo la wazi ukilisema, ila karani aliyefundishwa kwamba hatua ya kwanza ni kupanga kutoka kubwa kwenda ndogo ataifuata hatua hiyo hata kwenye bei za zabuni, na ofisi itabaki na mzabuni ghali kwa kila bidhaa.

Kisha nenda kliniki ya watoto. Mtoto anapimwa uzito kila mwezi, na kila kipimo ni mstari. Mtu anataka orodha fupi, mtoto mmoja mstari mmoja, anabakiza uzito mkubwa. Nini kimetokea? Mtoto aliyekuwa na kilo 9 na sasa ana 8, yule hasa ambaye muuguzi anamtafuta, ameandikwa 9 na amepotea katikati ya wazima. Hapa kinachotakiwa ni kipimo cha mwisho kwa tarehe, kiwe kikubwa au kidogo. Unapanga kwa tarehe, mpya juu, ndipo unafuta.

Na kwenye kikundi cha hisa hutakiwi kufuta kabisa. Mama aliyenunua hisa kwenye kikao cha Januari, cha Februari na cha Machi ana mistari mitatu, na yote ni fedha yake. Hayo si marudio, ni malipo. Ukibakiza kubwa umemnyang'anya mengine. Hapo unajumlisha. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mtu akishajua amri ya kufuta, kila kinachofanana anakiona ni uchafu.

Kujumlisha nako kuna mahali pake. Ile PivotTable ya Excel, ambayo inakusanya mistari ya mtu mmoja bila kufuta chochote, ukiitupia safu ya alama yenye namba peke yake, jambo la kwanza inalolifanya yenyewe ni kujumlisha. Mtoto wetu wa 38, 61 na 55 atatoka na 154 kati ya 100. Usicheke, wapo waliochapa orodha za namna hiyo bila kuzisoma. Ni kubadilisha tu mpangilio kutoka Sum kwenda Max, na 61 inakuja.

Hata hivyo angalia jambo moja. Ukiwa na masomo matatu, Max inachukua kubwa ya kila safu peke yake: hisabati ya marudio ya pili, Kiswahili cha mara ya kwanza, fizikia ya mara ya tatu. Inakujengea mwanafunzi ambaye hakuwahi kukaa kwenye mtihani wowote akiwa na alama hizo kwa pamoja. Ile njia ya kupanga na kufuta, kinyume chake, inabakiza mstari mzima wa siku moja, na mabaya yake ndani. Zote mbili ni halali. Zinatoa majina tofauti ya kumi bora. Kikao kilichosema alama ya juu kabisa hakikusema ni ipi kati ya hizi, na mtu wa kompyuta ndiye aliyeamua, pengine bila kujua kwamba ameamua.

Kama ungeniuliza mimi, nisingefuta. Ningefungua ukurasa mpya ndani ya faili lile lile, niweke orodha ya namba za wanafunzi, kila mmoja mara moja, kisha pembeni yake fomula ya MAXIFS, inayosema: nitafutie alama kubwa kuliko zote kwenye ile safu, pale namba inapolingana na hii. Fomula hii imo katika matoleo ya tangu 2019. Maneno kama Hayupo haiyajali, inatazama namba tu. Na mistari yote ya awali inabaki pale ilipo, kwa ajili ya mzazi atakayekuja kuuliza. Kasoro yake ni kwamba aliyekosa majaribio yote ataandikiwa sifuri, kana kwamba alikaa na kufeli, kwa hiyo sifuri zote zikaguliwe kwa jicho.

Data zikipotea kimya, hata serikali kubwa hazisalimiki. Septemba na Oktoba mwaka 2020, Uingereza ilikosa kuwahesabu kwa wakati wagonjwa 15,841 wa Korona, kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye faili la mtindo wa zamani wa Excel lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje, na waliotakiwa kufuatiliwa walikuwa wakiendelea na shughuli zao. Huko hakuna aliyebofya kufuta.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa taaluma, makarani na waweka hazina wanaonisikiliza ni dogo. Nakilini faili kabla ya kuligusa, na nakala hiyo iwe na tarehe. Andikeni idadi ya mistari kabla na baada ya kufuta, na idadi ya watu mnaowajua kwa majina. Idadi ya baada ikigongana na ya watu, simamisheni kazi. Juu ya orodha mnayoibandika, wekeni sentensi moja inayosema mmebakiza nini: alama ya juu, ya mwisho, au jumla, na nani aliyeamua. Mzazi anayesoma ubao ana haki ya kujua hilo kabla hajaitafuta namba ya mwanawe.